Usiifute ile ya polepole

Mhadhiri wetu wa maabara ya algoriti (hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta) alikuwa na sharti moja lililoniudhi kuliko yote. Kila wiki tulipewa tatizo moja, na kila wiki ilitupasa kukabidhi programu mbili: moja yenye jina "polepole", nyingine "haraka". Ile ya polepole haikuruhusiwa kuwa na ujanja wowote. Tatizo likitaka njia bora kati ya njia zote, basi zipitie zote, moja baada ya nyingine, uchukue iliyo bora. Usipoikabidhi, nusu ya alama zimekwenda, hata kama ile ya haraka inakimbia kama umeme.

Mimi nilikuja kujifunza mambo ya kasi. Kukaa kuandika programu ya kijinga kwa makusudi nilikuona ni kupoteza muda. Kwa hiyo nilikuwa naiandika mwisho, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, na siri yangu ilikuwa hii: naichukua ile ya haraka, nainakili, kisha naichafua kidogo ili ionekane nzito.

Tatizo la kwanza lilikuwa hili. Umepewa safu ya namba, nyingine chanya, nyingine hasi. Tafuta mfululizo wa namba zinazofuatana wenye jumla kubwa kuliko yote. Mfululizo usiwe mtupu. Swali hili lina historia yake: Ulf Grenander alikutana nalo mwaka 1977 akishughulikia utambuzi wa ruwaza katika picha, na mwanatakwimu Jay Kadane alipolisikia kwenye semina inasemekana alitoa njia ya haraka ndani ya dakika moja. Mimi lilinichukua wiki nzima, na bado nilikosea.

Njia ya kijinga ina vitanzi vitatu, yaani marudio ndani ya marudio: chagua mwanzo, chagua mwisho, jumlisha kilicho katikati. Msaidizi wa maabara, dada mmoja mwenye sauti ya chini aliyekuwa akizunguka kati ya meza, alituambia tusiikubali nadharia ya darasani mpaka tuione kwenye saa. "Ongezeni data mara mbili, halafu mtazame muda umeongezeka mara ngapi." Nikachora jedwali kwenye daftari. Namba 1,000, sekunde 0.11. Namba 2,000, sekunde 0.9. Namba 4,000, sekunde 7.1. Namba 8,000, sekunde 57. Kila nikiongeza mara mbili, muda unapanda karibu mara nane, na nane ni mbili mara mbili mara mbili: vitanzi vyangu vitatu vimejianika vyenyewe. Nikapiga hesabu ya namba milioni moja kwa mwendo huohuo, nikapata karibu miaka mitatu na nusu. Programu ya haraka ilimaliza milioni hiyo kabla sijanyanyua kidole kwenye kibodi. Nilifurahi kweli. Lile jedwali la mara mbili mbili ninalitumia mpaka leo. Ukiona muda unapanda mara nne, usipoteze nguvu kusafisha mistari midogo midogo, nenda katafute kitanzi ndani ya kitanzi.

Furaha ilidumu mpaka dada alipofika kwenye meza yangu. Njia ya Kadane inapita safu mara moja tu: unabeba jumla ya mfululizo unaoishia hapo ulipo, na jumla hiyo ikishuka chini ya sifuri unaitupa na kuanza upya. Mimi nilikuwa nimeanza kwa kuandika kwamba jibu bora mpaka sasa ni 0. Dada akaandika namba tatu kwa mkono: -4, -2, -7. Haraka yangu ikajibu 0. Jibu ni -2. Hiyo 0 haipo popote kwenye safu. Akaiendesha polepole yangu, nayo ikajibu 0 vilevile.

"Kaka, hii uliiandika baada ya ile nyingine, sivyo?"

"Ndiyo, dada."

"Basi umemleta shahidi uliyemfundisha cha kusema."

Hakupandisha sauti, na watu wawili tu ndio waliosikia, lakini masikio yangu yalipata moto. Kuanzia wiki iliyofuata nilianza na ile ya polepole, kabla hata sijafikiria ujanja, na niliiandika kama mtu asiyejua kwamba kuna njia nyingine. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sharti lile halikulitaja: kuandika programu ya kijinga ndiyo njia ya kulielewa swali. Mara tatu au nne muhula ule niligundua, nikiwa katikati ya vitanzi vyangu vya kijinga, kwamba sijui kama mpaka wa mwisho umo au haumo, au kama majibu mawili yanayolingana yote yanakubalika. Bora uyagundue hapo.

Kisha nikaongeza faili la tatu ambalo hakuna aliyelidai. Kazi yake ni kutengeneza data ya bahati nasibu, kuipa polepole na haraka, na kusimama mara tu majibu yanapotofautiana, likichapa data ile na mbegu iliyoizalisha (namba ya kuanzia ya bahati nasibu) ili niweze kuirudia. Mwanzoni nililipatia data kubwa, namba 500 kati ya -10,000 na 10,000, kwa sababu nilidhani ukubwa ndio ukali. Lilipokamata kosa lilinimwagia namba 500 kwenye skrini, nami nikabaki nazitumbulia macho. Nani atasoma namba 500 aone kosa liko wapi? Nikapunguza mpaka namba sita, kati ya -5 na 5. Ghafla makosa yakawa yanasomeka. Na si kusomeka tu: namba zikiwa chache na zikitoka kwenye wigo mwembamba, zinajirudia, zinakuwa sifuri, zinakuwa hasi zote, zinajipanga tayari kwa mpangilio. Mambo hayo ndiyo yanayovunja programu, na kwenye namba 500 zilizotawanyika hayatokei karibu kamwe. Jaribio moja dogo lina nafasi finyu ya kukamata kitu, lakini unaweza kufanya laki moja ukiwa unajinyoosha kwenye kiti.

(Kuna wiki nzima niliyopima vibaya na nitaipita haraka. Nilidhani programu yangu ya kupanga namba ni nzito, nikaibadilisha mara nne bila saa kutikisika. Nilikuwa nimeiweka saa ianze kabla ya kusoma faili na isimame baada ya kuchapa namba zote kwenye skrini. Nilikuwa napima kuchapa.)

Wiki ya sita ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote, kwa sababu hapo shahidi wangu mwenyewe aliniangusha. Swali: chumba kimoja, maombi mengi ya vipindi, kila kimoja na wakati wa kuanza na wa kuisha; chagua vipindi vingi iwezekanavyo bila viwili kugongana. Ni wiki ya algoriti za tamaa, zile zinazochukua kinachoonekana bora sasa hivi na hazigeuki nyuma. Tulifanya wawili wawili. Mwenzangu alisema tuanze na kipindi kifupi kuliko vyote, maana kinaziba muda mdogo. Mimi nikasema hapana, tuanze na kile kinachogongana na wenzake wachache zaidi, tukiondoe pamoja na vinavyogongana nacho, tuhesabu upya, tuendelee. Tulibishana karibu saa nzima, kila mmoja akiona wazo lake ni dhahiri. Mwishowe tukaandika polepole, inayojaribu kila kundi la vipindi, tukayapeleka mawazo yote mawili kwa shahidi.

La mwenzangu halikumaliza sekunde. Likaletwa jaribio la vipindi vitatu: 1 hadi 5, 4 hadi 7, 6 hadi 10. Kifupi ni cha katikati. Ukikichukua kinawafukuza wenzake wawili na unabaki na kimoja, ilhali ungeweza kupata viwili. Langu likapita majaribio laki moja ya vipindi sita sita bila doa. Sikuficha majivuno. Kwenye ripoti, mahali palipoandikwa "thibitisha kwamba algoriti yako ni sahihi", niliandika sentensi moja: imejaribiwa mara 100,000.

Karatasi ilirudi na sifuri kwenye sehemu ile, na pembeni mhadhiri alikuwa amechora vipindi kumi na kimoja kwa kalamu. Vinne vimepangwa mstari mmoja bila kugusana. Kimoja kinaziba pengo kati ya cha pili na cha tatu, kinagongana na hivyo viwili tu. Vitatu vinavyofanana vinaziba pengo kati ya cha kwanza na cha pili, na vitatu vingine kati ya cha tatu na cha nne. Hesabu migongano: kile cha katikati kina miwili, vilivyobaki vyote vina mitatu au minne. Wazo langu linakimbilia cha katikati, linawaua cha pili na cha tatu, na baada ya hapo kila upande unatoa kimoja tu. Jumla vitatu. Vile vinne vya mstari vilikuwa pale pale, vinatazama.

Chini ya mchoro aliandika: "Umeniambia ulichokiona. Sijaambiwa kwa nini."

Nilimfuata ofisini kulalamika, na kusema kweli nilikwenda nikiwa na hoja: laki moja ni nyingi, mwalimu. Akaniuliza kama katika hizo laki moja kulikuwa na hata jaribio moja lenye vipindi saba. Hakukuwa. Baadaye nilikaa na karatasi nikajionea kwamba kwa vipindi sita wazo langu haliwezi kuanguka kabisa, hata ukijaribu milioni. Kosa halina nafasi ya kutosha kujitanua. Nilikuwa nimeusifu udogo wa majaribio mpaka nikasahau kwamba kuna makosa yanayohitaji uwanja.

Jibu sahihi ni kuanza na kipindi kinachoisha mapema kuliko vyote, na uthibitisho wake ni mfupi kiasi cha kukera. Chukua mpango wowote ulio bora. Kipindi chake cha kwanza kiondoe, uweke kile kinachoisha mapema kuliko vyote. Hakitagongana na vinavyofuata, kwa kuwa kinaisha kabla au sawasawa na kile ulichokitoa. Idadi haijapungua. Rudia kwa vilivyobaki. Mistari minne, na inafanya kazi ambayo majaribio yangu laki moja hayakuifanya. Tangu hapo shahidi nilimtumia kuua mawazo mabaya, basi.

Mwanasayansi wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, alikuja kwenye masomo yetu wiki mbili baadaye. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba algoriti yake ya njia fupi aliibuni mwaka 1956, amekaa kwenye mkahawa jijini Amsterdam na mchumba wake, kwa dakika kama 20, bila karatasi wala penseli. Akaichapisha mwaka 1959. Nilikuwa na karatasi, penseli na kompyuta, nikakesha.

Mtandao wangu mkubwa wa nodi 5,000 (nodi ni vituo vinavyounganishwa na barabara) ulitoa majibu sahihi kila mara. Ule mdogo wa nodi sita ulivunjika ndani ya dakika moja, na jibu lilikuwa la ajabu: umbali wa kufika nodi ya tano ni -2147483645. Barabara zote nilizoipa programu zilikuwa na urefu chanya. Niliitazama ile namba muda mrefu kabla sijaitambua. Namba kamili ya kawaida ya kompyuta (biti 32, inayoweza kuwa chanya au hasi) inaishia 2147483647, na mimi nilikuwa nimeitumia hiyo kama "umbali usiojulikana" kwa nodi ambazo hazijafikiwa. Katika mtandao mdogo kulikuwa na nodi mbili zisizofikika kabisa kutoka mwanzo. Zilipobaki peke yake, programu ikachagua mojawapo, ikajumlisha 2147483647 na barabara ya urefu 4, namba ikafurika ikaibukia upande wa hasi. Na hasi siku zote ni fupi kuliko chochote. Mtandao wa nodi 5,000 haukulionyesha kosa kwa sababu niliutengeneza kwa kuunganisha kila nodi mpya na moja iliyotangulia. Hakukuwa na nodi iliyoachwa peke yake. Data yangu kubwa ilikuwa na adabu kupita kiasi.

Dawa ni kusimama mara tu nodi iliyo karibu zaidi inapokuwa haifikiki, au kuweka "usiojulikana" kuwa 1,000,000,000, ambayo hata ukiijumlisha yenyewe kwa yenyewe bado inaenea. Nilifanya yote mawili. Dada alinifariji kwa kunikumbusha kwamba kufurika kwa namna hiyo, pale unapotafuta kitu kwenye orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kwa nusu, na katikati unaipata kwa kujumlisha mpaka wa chini na wa juu kabla ya kugawa kwa mbili, kulijificha ndani ya maktaba rasmi ya lugha ya programu ya Java karibu miaka tisa, mpaka kulipotangazwa mwaka 2006.

Mradi wa mwisho ulikuwa mzunguko wa msafiri: vituo 200 kwenye mraba wa 100 kwa 100, tembelea kila kimoja mara moja urudi ulipoanzia, kwa njia fupi iwezekanavyo. Na hapa polepole yangu ilifika mwisho wa barabara. Vituo 10 vina mizunguko 181,440, ambayo kompyuta inaimaliza mara moja. Vituo 20 vina zaidi ya mizunguko 60,000,000,000,000,000; ukipitia milioni mia moja kila sekunde utamaliza baada ya takriban miaka 19. Kwa vituo 20 kuna jedwali la Held na Karp la mwaka 1962, linalohifadhi majibu ya makundi madogo ili yasihesabiwe upya, linalokuokoa, lakini kwa 200 nalo linakufa. Hakuna shahidi.

Tulianza na mzunguko wa kwenda kila mara kituo kilicho karibu, ukatoka na urefu wa 1,340. Kisha tukautengeneza kwa kubadilisha barabara mbili mbili: ng'oa mbili, geuza kipande cha katikati, unga upya, ikiwa imepungua ibakize. Urefu ukashuka: 1,250, 1,170, 1,040, 960. Mwenzangu akaita kundi la meza ya jirani waje waone. Ukasimama kwenye 871. Hakuna aliyekaribia hapo darasani.

Dada akaja, akatazama, akauliza swali moja: mti wenu wa kuunganisha vituo vyote kwa urefu mdogo kabisa una urefu gani? Mti ni mtandao wa barabara usio na mzunguko ndani yake, nao tulikuwa nao kutoka wiki ya tano. 918. Akaenda zake.

Ilinichukua kama nusu dakika. Mzunguko wowote ukiuondolea barabara moja unabaki mti unaounganisha vituo vyote, kwa hiyo hakuna mzunguko unaoweza kuwa mfupi kuliko mti mfupi kuliko yote. 871 haiwezekani. Tulikuwa hatuhesabu urefu upya. Kila badiliko tulitoa tofauti tu kutoka kwenye jumla, na tofauti hiyo ilikosewa kila badiliko lilipogusa barabara ya kufunga mzunguko. Kosa dogo, limejilimbikiza mara mamia. Tulipojumlisha mzunguko ule upya tangu mwanzo tukapata 1,164. Tukarekebisha, tukaendesha tena, tukaishia 1,131. Meza ya jirani walikuwa wamepata 1,119.

Siku ya kuwasilisha mhadhiri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzunguko wenu umeuzidi mti kwa asilimia 23. Hizo asilimia 23 ni udhaifu wa mzunguko au udhaifu wa mti?"

Mwenzangu akanitazama. Nikaomba ruhusa nirudi kwenye kompyuta. Nikafungua lile faili la kwanza la mradi, polepole, ambalo tulikuwa hatujaligusa kwa wiki tatu, nikaliwekea seti 10 za vituo 10 vya bahati nasibu, na pembeni yake mti na njia yetu ya kubadilisha barabara mbili. Kabla sijarudi mbele majibu yalikuwa kwenye skrini. Njia yetu ilikuwa imepata mzunguko mfupi kuliko yote katika seti nane kati ya kumi. Mti ulikuwa chini ya jibu la kweli katika seti zote, mara nyingi kwa robo hadi theluthi.

"Kwa vituo 10, mwalimu," nikasema, "lawama nyingi ni za mti."

"Na kwa 200?"

"Kwa 200 sina shahidi."

Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita anayefuata.